Chakula Kipya cha Mtoto: Kimoja Kimoja



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha karanga. Mwezi huu tuzungumze juu ya kumlisha mtoto karanga hizo, pamoja na mayai na ngano.

Wazazi wengi vijijini wananiuliza: Je, mtoto mdogo anaweza kula yai? Anaweza kula karanga? Wengine wanaogopa kuwa atadhurika. Wengine wanasema mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Basi kuku wanataga, mayai yote yanauzwa, na mtoto anakunywa uji mtupu.

Uji mtupu hautoshi kumkuza mtoto. Mwaka 2022 uchunguzi wa taifa letu ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wenye umri wa chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa.

Mzio ni nini?

Ni kweli kwamba wapo watoto wachache ambao mwili wao hukataa chakula fulani. Hali hiyo inaitwa mzio. Vyakula vinavyoleta mzio mara nyingi ni mayai, karanga, maziwa ya ng'ombe, samaki, soya na ngano.

Zamani wataalamu wengi walisema vyakula hivi vicheleweshwe. Siku hizi hawasemi hivyo. Mwaka 2015 wataalamu wa London walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walichukua watoto wachanga zaidi ya 600 ambao walikuwa katika hatari kubwa ya kupata mzio. Nusu walilishwa karanga zilizosagwa. Nusu walinyimwa. Walipofika miaka 5, katika kila watoto 100 walionyimwa, kama 17 walikuwa na mzio wa karanga. Kwa wale waliolishwa, ni kama 3 tu katika kila 100. Kumnyima mtoto karanga hakukumkinga.

Na ngano je?

Ukikanda unga wa ngano, donge linavutika. Kinachovuta kinaitwa gluteni. Imo katika ngano na shayiri. Haimo katika mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele wala muhogo.

Watoto wachache hudhuriwa na gluteni polepole. Mtoto anaharisha kwa wiki nyingi, tumbo linajaa na uzito hauongezeki. Lakini magonjwa mengine pia huleta dalili hizo. Usikisie. Mpeleke kwenye zahanati akapimwe.

Unga wa mchanganyiko

Akina mama wengi hupeleka mashineni mahindi, ulezi, ngano, soya na karanga, vikasagwa pamoja. Nia yao ni njema. Lakini mtoto akivimba midomo siku ya kwanza, utajuaje ni kipi kilichomdhuru? Anza hivi:

1. Subiri mtoto atimize miezi 6. Kabla ya hapo maziwa ya mama yanamtosha. Baada ya hapo endelea kumnyonyesha hadi afike miaka 2 au zaidi.

2. Anza na uji mzito wa nafaka moja. Mpe vijiko 2 au 3.

3. Akizoea, ongeza chakula kipya kimoja tu. Yai liive kabisa. Karanga zisagwe laini, uzichanganye na uji. Usimpe mtoto mdogo karanga nzima, maana itamkaba koo.

4. Mpe asubuhi, kiasi cha ncha ya kijiko. Mwangalie mchana kutwa. Kesho yake ongeza kidogo. Baada ya siku 3 bila shida, jaribu chakula kingine.

5. Chakula alichokikubali, endelea kumpa kila wiki.

Mtoto akiwa na ukurutu mkali, au akiwa amewahi kudhuriwa na chakula, muulize kwanza mganga wa zahanati.

Dalili za hatari

Mzio huonekana mara nyingi upesi, ndani ya saa 2. Mtoto anatoka mabaka ya kuwasha, anavimba midomo au macho, au anatapika. Acha chakula hicho, umwone mganga. Akipumua kwa shida, akikoroma kifuani au akilegea, mkimbize hospitali mara moja. Usisubiri hata dakika 10.

Karanga zenye ukungu

Hili si jambo la mzio. Ni sumu. Karanga na mahindi yakivundwa huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 walikufa. Kupika hakuiondoi. Karanga zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupwe. Usimsagie mtoto, wala usiwape kuku.

Ndugu mkulima, kabla hujauza mayai yote, bakiza ya mtoto. Kabla hujauza karanga zote, bakiza debe moja, tena zile safi. Akina baba, jambo hili linawahusu na ninyi, maana mara nyingi ninyi ndio mnaoamua kipi kiuzwe.

Jadilianeni katika kikundi chenu

- Kijijini kwenu watoto wananyimwa vyakula gani? Kwa sababu gani?
- Kwa nini chakula kipya kitolewe asubuhi?
- Usiku mtoto akishindwa kupumua, mtamfikishaje hospitali?