Kuunganisha ndege: kosa si la mguu wa abiria, ni la ramani ya jengo

Mwaka jana nilimpeleka mama yangu India kwa matibabu. Tulibadilisha ndege katika uwanja mmoja mkubwa, na tiketi ilitupa saa moja na nusu baina ya ndege na ndege. Mama ana miaka 74 na magoti yamechoka. Tukashuka ngazi, tukapanda basi, tukavua viatu tukaguliwe upya, tukapanda ghorofa, tukafuata ukumbi usiokwisha. Tulipofika langoni pamefungwa, ndege tunaiona kwenye kioo. Mama akakaa akaniambia, "Mwanangu, sisi hatukuchelewa. Njia ndiyo imetuchelewesha."

Sikumuelewa siku ile. Leo naona alisema kweli.

Kila uwanja huwekewa muda wa chini wa kuunganisha ndege, na mashirika huuza tiketi kwa kuufuata. Muda huo haumuulizi abiria ana umri gani wala kama ni safari yake ya kwanza. Unategemea zaidi jengo: hatua ni ngapi, ukaguzi ni mara ngapi, na begi linapita wapi.

Schiphol, Amsterdam, wameweka abiria wote chini ya paa moja. Atlanta, Marekani, kumbi za ndege zimepangwa sambamba na treni hupita chini ya ardhi kuziunganisha. Uwanja mpya wa Doha, uliofunguliwa 2014, nao ni jengo moja. Dubai ni tofauti: jengo la pili na la tatu yametenganishwa na njia za kurukia ndege, kwa hivyo anayetoka moja kwenda jingine hupandishwa basi.

Sasa turudi Nairobi. Majengo ya JKIA yalifunguliwa 1978. Moto wa Agosti 2013 ukateketeza sehemu ya kuwasili abiria wa kimataifa, na 2014 likafunguliwa jengo la 1A. Mradi wa jengo kubwa la Greenfield ulizinduliwa Desemba 2013, ukafutwa 2016. Mpango wa Adani ukavunjwa Novemba 2024. Matokeo ni uwanja wa viraka: ndege za ndani zina jengo lao, za nje zina yao. Katika mivutano yote hiyo tulibishana nani atajenga na kwa bei gani. Ni wachache waliouliza: anayetoka Mombasa atatembeaje kutoka ndege moja hadi nyingine?

Swali hilo linatuhusu sisi Wapwani kuliko wengi. Anayekwenda umra, binti anayekwenda kazi Ghuba, mgonjwa wa India, mfanyabiashara wa Guangzhou, wengi wao huanza na ndege ya ndani. Ni kweli Ethiopian hutua Mombasa, na flydubai nayo ilianza 2024, kwa hivyo wapo wanaoiruka Nairobi. Lakini tiketi ikipitia Nairobi, gharama ya ramani mbovu inalipwa na mtu wa Mombasa, si wa Westlands anayefika uwanjani kwa teksi.

Tumeshayaona haya Miritini. Stesheni ya SGR ni nzuri kwa macho, lakini ukishuka na mizigo bado una safari nyingine ya kufika mjini. Aliyeichora alifikiria treni, hakufikiria mwisho wa safari ya abiria.

Jengo jipya la JKIA likija kujadiliwa, na litakuja, tudai mambo matatu: ndege za ndani na za nje ziungane kwa njia ya ndani kwa ndani, begi lipite bila mwenyewe kulibeba tena, na mabango yasomeke kwa Kiswahili. Ushirikishwaji wa umma upo kwenye Katiba. Tusiwaachie watu wa Nairobi peke yao.

Kwa sasa, msomaji, ukikata tiketi hakikisha safari nzima iko kwenye tiketi moja. Ukikosa ndege ya pili kwa kuchelewa kwa ya kwanza, shirika litatafuta namna ya kukufikisha. Ukiwa na tiketi mbili mbalimbali, hasara kwa kawaida ni yako. Na kama unasafiri na mzee, omba kiti cha magurudumu siku unayokata tiketi, usingoje kufika uwanjani. Mimi nilingoja.