Savana zetu hazimo

Jamani, wikendi nimeshinda nikichimbua data ya FLUXNET2015. Juu ya mnara, kipima upepo na kipima gesi husoma mara 10 au zaidi kila sekunde, ndipo ijulikane mbuga imevuta kaboni kiasi gani na kutoa mvuke kiasi gani. Ukisoma mara 10, hiyo ni mistari 864,000 kwa siku! Hainitishi, diski ni bei rahisi.

Linaloniudhi ni hili: vituo 212, Afrika nzima 6, Kenya sufuri. Modeli ikifunzwa kwa data hiyo, nyasi za Laikipia itazikisia kwa macho ya misitu ya Ulaya na Marekani.

Sasa Kapiti kuna minara. Wenye minara, tuwekeeni data wazi, na si wastani wa nusu saa peke yake. Tupeni hiyo mistari yote. Kodi tutaandika wenyewe.