Vitufe vya Barua na Amana ya Siri



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo lililoleta huzuni kubwa katika nyumba moja ya Temeke. Kijana wao aliyeko Muscat aliwaandikia jamaa zake wote barua pepe moja juu ya mirathi ya marehemu baba yake. Ami yake akataka kumjibu yeye peke yake, amweleze deni la ndugu mmoja ambalo mwenyewe hakupenda lijulikane. Kidole kikabonyeza Jibu Wote, kitufe kilichokuwa ubavuni mwa Jibu. Kabla ya adhuhuri siri ile ilikwisha kusomwa Tandika, Kinondoni na Unguja. Mwenye deni amekata mguu nyumbani hapo hata leo.

Ami hakukusudia ubaya. Lakini dini yetu imetufunza kwamba maneno ya faragha ni amana, na mchukuzi wa amana hutazama kwanza chombo anachoichukulia.

Mwenye duka mwenye akili haweki mafuta ya taa karibu na unga. Kadhalika programu ya barua ina upau wa zana, yaani safu ya vitufe iliyo juu ya kioo. Wengi huuacha kama walivyoukuta, wakidhani hauguswi. Sivyo. Katika Thunderbird, programu isiyo na malipo ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004, bonyeza upau wa juu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kurekebisha. Kisha buruta uweke vile uvitumiavyo kila siku, na usivyovihitaji uvitoe. Kitufe kilichotolewa upauni hakikupotea. Kazi yake utaikuta katika menyu siku ya haja.

Atumiaye Gmail kwenye kompyuta naye aingie katika mipangilio. Humo aweza kuchagua lugha ya Kiswahili, akageuza picha za vitufe kuwa maneno, ili mzee asikisie maana ya pipa la taka. Aweza pia kuamuru jibu la kawaida liende kwa mtu mmoja, na kuongeza muda wa kutangua barua iliyotumwa kutoka sekunde 5 hadi 30. Sekunde 30 zatosha kuuokoa udugu.

Enyi vijana, hii ni kazi yenu. Baada ya Isha keti na mama yako, umuulize ni vitufe gani avitumiavyo, umpangie hivyo, na umwonyeshe vilipo vingine. Usimpangie kwa mazoea yako wewe. Wala usizisome barua zake, kwani aliyekukabidhi ufunguo hakukupa ruhusa ya kufungua sanduku.

Na upau ukisha kupangwa vizuri, bado wajibu wa macho uko palepale: soma majina ya wanaopelekewa kabla ya kutuma.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzihifadhi siri za ndugu zetu, naye atusitiri aibu zetu. Amin.