Kicheko ni Haki, Si Hisani



Siku hizi, kuanzia Tandale hadi Mbagala, wapo vijana wanaopokezana kipaza sauti na kushindana kuchekesha watu. Baadhi ya wazee huuona mchezo huu kuwa upuuzi, na baadhi ya viongozi huuona kuwa utovu wa adabu. Yatupasa kulitazama jambo hili kwa makini kabla ya kulihukumu, kwa maana linagusa haki.

Vichekesho si mambo ya kuja. Katika miaka ya 1990, kikundi cha Muungano na kile cha TOT, kilichoanzishwa na CCM mwaka 1992, vilishindania watazamaji katika kumbi za Dar es Salaam, na vichekesho viliandamana na ngoma na maigizo. Na kabla ya jukwaa palikuwapo utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19; leo ni watani. Mtani huruhusiwa kusema hata msibani yale ambayo ndugu wa marehemu hawathubutu kuyatamka, wala hapelekwi popote kushtakiwa. Wahenga walitambua kwamba jamii isiyoweza kuambiwa ukweli kwa kicheko itaambiwa kwa ugomvi.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Hata hivyo, tuangalie yaliyotokea. Machi 2017, msanii Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake «Wapo», na BASATA ikaufungia. Muda mfupi baadaye Rais Magufuli aliagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walishangilia. Mei 2020, mchekeshaji Idris Sultan alishikiliwa na polisi kwa siku kadhaa baada ya kusambaza video akiicheka picha ya zamani ya Rais huyo huyo. Shtaka alilosomewa Kisutu halikutaja kicheko. Lilihusu usajili wa laini ya simu.

Mambo haya mawili yana funzo moja. Uhuru unaotolewa kwa agizo la mkubwa waweza kukosekana siku mkubwa asipoagiza. Haki inayosubiri hisani si haki tena, ni sadaka.

Je, mchekeshaji aseme lolote? Hapana. Ibara ya 30 ya Katiba yenyewe yakataza kutumia uhuru kwa kuvunja haki za wengine. Lakini tuulize: wengine hao ni akina nani? Mwenye madaraka anayechekwa anayo ofisi, anao wasemaji, na anaweza kujibu. Mwenye ulemavu, mjane, au msichana aliyedhalilishwa, akifanywa kichekesho mbele ya umati, hana pa kujibia. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi tunakuwa wakali pale anapoguswa mkubwa, na tunacheka pamoja na umati pale anapokanyagwa mnyonge. Hapo mizani imepinduka.

Kwa hiyo, viongozi wa walei na wote wenye dhamana ya kumbi na vijana, tunawasihi mambo matatu. Kwanza, wapeni vijana nafasi ya kushindana, wala msidai kukagua kila neno kabla hawajapanda jukwaani. Pili, wekeni masharti machache yanayojulikana na wote, yakilinda utu wa wanyonge na si heshima ya wakubwa. Tatu, mkichomwa na neno, mjibuni kijana kwa neno. Msikimbilie kituo cha polisi.

Kiongozi anayestahimili kuchekwa na watu wake anawaonyesha kwamba hawana sababu ya kumwogopa. Na pale hofu ilipoondoka, ndipo watu huweza kuketi pamoja na kusemezana juu ya maji, barabara na zahanati bila kunong'onezana.