Miaka mitatu chuoni, kisha kazi ya filimbi?



Mwezi wa Julai, baada ya swala ya Alasiri, mzee wetu mmoja wa safu ya mbele alitufuata katika chumba cha kamati akiwa na simu mkononi na huzuni usoni. Alitaka tumwombee dua mjukuu wake. Tukadhani kijana ni mgonjwa. "Si mgonjwa," akasema, "amepata kazi ya kupuliza filimbi."

Mjukuu huyo amezaliwa na kulelewa Leicester, Uingereza, ambako baba yake alihamia zamani na anaendesha teksi. Kijana amehitimu shahada ya sayansi ya michezo, na shule moja binafsi ya bweni, mbali na kwao, imempa nafasi ya mwaka mmoja ya kocha msaidizi. Baba mtu amekasirika. Anasema hakukesha barabarani miaka yote ile ili mwanawe akabebe mipira ya watoto wa matajiri. Siku tisa tu zilikuwa zimebaki kabla ya siku ya mwisho ya kutia saini. Tukamwomba mzee tuuone kwanza mkataba wenyewe, tusije tukaomba dua ya kuondolewa jambo ambalo pengine ni kheri. Usiku ule ule kijana alituletea kila karatasi kwa simu.

Ni vyema wasomaji wetu waijue kazi hii, maana si mzee wetu peke yake mwenye jamaa Uingereza. Shule za bweni za kule huuchukulia mchezo kuwa sehemu ya malezi, na hata raga imepata jina lake kutoka kwa shule ya bweni, Rugby School. Mchana wa siku kadhaa za wiki wanafunzi huteremka viwanjani, na Jumamosi huwa na mechi dhidi ya shule nyingine. Kwa kawaida muhula wa Septemba wavulana hucheza raga na wasichana mpira wa magongo. Baada ya likizo ya Desemba huja soka na netiboli, na kiangazi ni zamu ya kriketi, tenisi na riadha. Walimu wa kudumu hawatoshi kwa timu zote hizo, ndipo huchukuliwa wahitimu vijana. Asubuhi husaidia vipindi vya mazoezi ya viungo, mchana hufundisha timu za wadogo, na jioni hushika zamu bwenini, wakisimamia masomo ya usiku na kuhakikisha taa zimezimwa.

Mzee aliposikia habari ya taa alitikisa kichwa. "Kumbe ni ustadhi wa madrasa ya bweni!" Hakukosea sana.

Anayedhani ni mchezo tu na atazame anachokabidhiwa kijana huyu. Mtoto wa miaka kumi na miwili akigongwa kichwa katika raga, kocha aliye karibu ndiye wa kuamua papo hapo kwamba anatoka. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 unasema anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo aondolewe uwanjani mara moja, na asirudi mashindanoni kabla ya siku 21. Hapo kijana wa miaka 22 humkabili mzazi aliyelipa ada kubwa na anayetaka mwanawe acheze fainali, naye lazima aseme hapana. Kabla ya kuanza kazi huchunguzwa rekodi yake ya makosa ya jinai, hufundishwa namna ya kuwalinda watoto, na huelezwa kuwa si vyema kufungiana chumbani na mwanafunzi mmoja wala kuandikiana naye kwa simu binafsi. Masharti haya ya mwisho hayakutushangaza sisi tuliosoma hukumu za faragha katika vyuo vyetu.

Njia ya mbele ipo pia. Shule binafsi za Uingereza hazilazimishwi na sheria kuajiri walimu wenye cheti cha ualimu cha serikali peke yao, na wengi wanaoanza na filimbi huishia kusomea ualimu. Baba wa kijana hakuwa amelisikia hilo. Alikuwa amesikia neno "msaidizi" tu.

Hata hivyo hatukuupokea mkataba kwa macho yaliyofumbwa. Malipo yalionekana mazuri, chumba bure na chakula bure, mpaka tulipoyagawa kwa saa. Mkataba ulitaja saa 40 kwa wiki. Ratiba iliyoambatanishwa, ukijumlisha Jumamosi na zamu za bwenini, ilifika saa 54. Kwa viwango vya Aprili 2025, sheria ya kule ilitaka aliyetimiza miaka 21 asilipwe chini ya pauni 12.21 kwa saa. Chumba kiliweza kuhesabiwa ndani ya kima hicho, lakini kisizidi pauni 10.66 kwa siku, na chakula hakihesabiwi kabisa. Kwa hiyo ule wali wa bure haukuwa jibu la saa 14 zilizopotea. Jengo likiwa kama kasri na uwanja ukiwa kama zulia, vijana huona haya kuuliza habari ya ujira.

Lililotusikitisha zaidi ni jingine. Tulimuuliza kijana alisema nini kuhusu swala siku ya usaili. Akajibu kuwa hakusema neno. Aliogopa kupoteza nafasi, akajiambia atajua mbele kwa mbele.

Mbele kwa mbele ni wapi? Mwezi wa Desemba, kusini mwa Uingereza, Alasiri huingia karibu na saa nane mchana na jua huzama karibu na saa kumi. Mazoezi yakianza saa nane hadi saa kumi na robo, Alasiri imetoka na Maghribi imeingia yeye akiwa katikati ya uwanja na watoto thelathini. Ramadhani ya mwaka 2026 ilitarajiwa katikati ya Februari, msimu wa mechi ukiwa umepamba moto. Na msikiti wa karibu uko maili kumi na mbili kutoka shuleni.

Tukamshauri aandike barua ya heshima kabla ya kutia saini, aeleze anachohitaji na anachoweza kufidia: zamu za alfajiri, siku za sikukuu zao. Aliandika mara tatu, nasi tulimsaidia kuondoa maneno ya kuomba radhi. Mtu haombi radhi kwa kuswali.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Saa zimeandikwa upya na zamu mbili za bwenini zimeondolewa. Amepewa chumba kando ya uwanja na dakika kumi za swala, mwenzake akishika timu. Jikoni watamwekea futari. Ijumaa ataruhusiwa kwenda msikitini, isipokuwa moja kila mwezi yenye mechi za ugenini. Hapo kamati tuligawanyika. Baadhi walisema asitie saini mpaka Ijumaa zote zipatikane, wengine wakasema mlango uliofunguka hivyo hufunguliwa zaidi na aliye ndani. Katibu aliandika maoni yote mawili. Kijana alitia saini siku ya nane, akatuma ombi jingine kuhusu Ijumaa ile. Bado tunangoja jibu.

Mwishoni mwa Agosti baba yake ndiye aliyempeleka, kwa teksi yake mwenyewe. Mzee anatuambia kwamba njia nzima baba mtu hakusema neno, ila walipofika alishuka, akauzunguka uwanja wote kwa miguu, kisha akauliza chumba cha swala kiko upande gani.