Nyangwe–Kasongo: Kupiga kinga juu ya afya ni vizuri, lakini barabara inagawanywa namna gani?

Munganga akimwambia mtu wa Kasongo ao wa Nyangwe kwamba tansio imepanda na anapaswa kutikisa mwili, mara nyingi dawa iko tayari nyumbani kwake, imeegemezwa ku ukuta: kinga. Haiombi esanse, haiombi uwanja, na watu wengi walijifunza kuipanda wakiwa watoto. Lakini akishafika ku barabara kubwa, shauri la munganga linazaa swali lingine: huyu anayetafuta afya atarudi nyumbani akiwa mzima?

Swali hilo si la mchezo. Kuna wanaoacha kinga si kwa uvivu, ni kwa woga wa pikipiki na malori. Na ajali ikitokea, neno linalosikika haraka ni "bahati mbaya". Lakini sehemu kubwa ya hatari za barabara zetu zinajulikana mbele. Zingine mpanda kinga anaweza kuzipunguza yeye mwenyewe kwa makuta kidogo. Zingine ni deni la watu wengine, na deni linapaswa kudaiwa kwa jina lake.

Kinga ya mzigo na kinga ya afya

Nyangwe ni muji wa njia tangu zamani. Wafanya biashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walikaa hapa ku ukingo wa Lualaba katika karne ya 19, na soko lake lilivuta watu wa kandokando zote mbili za mto. Livingstone alifika mwaka 1871, Cameron 1874, Stanley 1876. Wakati ule kila kitu kilitembea ku mabega na ku vichwa, na wengi waliobeba hawakubeba kwa kupenda kwao. Kinga ilipokuja nyuma, iliingia katika kazi hiyo hiyo ya kubeba.

Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, malori yalipotea na treni haikufika, ni kinga iliyosaidia Maniema isife njaa. Chumvi, sabuni, mafuta ya ngazi, muchele na samaki vilisukumwa siku kwa siku ku njia za pori. Njo maana mpaka leo watu wazima wengi wanaona kinga kama chombo cha taabu. Mtu akionekana anapiga kinga asubuhi bila mzigo, anaweza kuulizwa: "Unaenda wapi?" Akijibu kwamba haendi mahali, anafanya tu sport, wengine watacheka.

Lakini maisha yamebadilika. Pikipiki zimechukua safari nyingi ambazo zamani zilifanywa kwa miguu ao kwa kinga. Mama anayelima na kubeba mihogo toka shambani hana haja ya kufundishwa sport. Mwili wake unafanya kazi kila siku. Shida iko kwa wenye kukaa: mwalimu, muuza duka, karani wa ofisi, na hata motari mwenyewe, anayeshinda ku kiti tangu asubuhi mpaka magaribi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima atikise mwili dakika 150 mpaka 300 kwa juma, kwa nguvu ya kadiri. Ni kama nusu saa kwa siku, siku tano. Kinga inatosha kabisa kwa kazi hiyo, na kwa mtu mwenye magoti ya kuuma inafaa kuliko kukimbia, sababu uzito wa mwili unakaa ku kiti.

Hatari zina majira na mahali

Toka Nyangwe mpaka Kasongo ni zaidi ya kilometa 50 za udongo. Mwenye kutafuta afya hana haja ya kumaliza njia hiyo. Kilometa tano kwenda na tano kurudi zinatosha. Lakini hata katika kilometa tano, barabara ya udongo ina tabia zake.

Toka Septemba mpaka Mei, mvua inageuza njia kuwa matope, na mapine ya malori yanachimba mifereji mirefu. Pine nyembamba ya kinga ikiingia ndani ya mfereji, haitoki kwa kupenda kwa mpandaji. Akilazimisha kukata kona, anaanguka. Toka Juni mpaka Agosti kuna vumbi na mchanga. Lori likipita, kwa muda mpandaji haoni kitu, na pikipiki inayofuata lori haimwoni yeye. Kipindi hicho kidogo ni cha hatari sana.

Madaraja ya miti yanadai adabu yake. Pale miti imepangwa kwa kufuata njia, nafasi katikati ya miti miwili inaweza kumeza pine yote. Ikiwa imenyesha, mti unateleza kama sabuni. Kushuka na kusukuma kinga hapo si aibu. Ku kona, majani marefu yanaficha anayekuja. Na karibu na vijiji kuna mbuzi, kuku na watoto, ambao hawajui kitu juu ya freni.

Hesabu ya sekunde

Watu wengi wanajua kwamba pikipiki inakimbia, lakini ni wachache wanaofanya hesabu yake. Pikipiki ya kilometa 60 kwa saa inakula karibu metre 17 kila sekunde. Kinga ya kilometa 15 kwa saa inakula metre 4. Wakikutana uso kwa uso, nafasi katikati yao inapunguka metre 21 kila sekunde. Kama waliachana metre 100, hawana hata sekunde tano. Kama kona iliwaficha mpaka metre 40, wamebakiwa na sekunde mbili hivi: moja ya kushituka, moja ya kufanya kitu.

Tena, mwendo ukizidishwa mara mbili, njia inayohitajika ili freni isimamishe chombo inazidi mara nne, si mara mbili. Ku udongo ulioloana inazidi tena. Kwa hiyo motari anayesema "nitasimama tu" anadanganya nafsi yake kwanza. Na mwenye kinga anayekata njia ghafula bila kuangalia nyuma anamwomba motari kitu ambacho mashini haiwezi kutoa.

Hesabu hiyo inajibu pia swali la upande. Kuna wanaosema afazali kupanda kinga upande wa kushoto ili kuona chombo kinachokuja. Kwa mwenye kutembea kwa miguu, kushoto ni sawa. Kwa kinga, hapana. Ukienda kushoto, mwendo wako unajumlishwa na ule wa pikipiki; ukienda kulia, unaondolewa, na anayekufuata anapata wakati mrefu zaidi wa kukuona na kukupita. Ku Congo vyombo vyote vinafuata kulia, na kinga ni chombo.

Kile mpanda kinga anaweza kufanya

Sheria iko. Kodi ya barabara ya Congo ni ile sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Zaire ya wakati ule ilikuwa imekwisha kujiunga na Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani, na Mkataba huo unataja wazi kile kinga inapaswa kuwa nacho: freni inayoshika, kengele inayosikika, kioo chekundu cha kurudisha mwangaza nyuma, na taa, nyeupe ao ya manjano mbele, nyekundu nyuma. Ukisimama dakika kumi kandokando ya soko na kuhesabu kinga zenye vitu hivyo vyote, huenda vidole vya mkono mmoja vitabaki.

Vitu hivyo si vya tajiri. Kengele na kioo chekundu vinagharimu kidogo kuliko siku moja ya dawa. Freni ya kamba iliyokatika inatengenezwa na fundi chini ya mti. Hata hivyo kuna vijana wanaoshusha mulima kwa kusimamisha pine na kandambili. Siku pine imeloana, kandambili haisimamishi kitu.

Juu ya kaske, uchunguzi mmoja wa watafiti wa Australia mwaka 2016 ulikusanya tafiti 40 za nchi mbalimbali, zenye zaidi ya wapanda kinga 64,000 walioumia. Ulionyesha kwamba kwa wenye kuvaa kaske, hatari ya kuumia vikali ku kichwa ilipunguka kwa karibu theluthi mbili. Hapa kwetu, ambapo mtu aliyepasuka kichwa anaweza kuchukuliwa masaa mengi ku pikipiki kabla ya kufika ku hospitali, kaske ina maana kubwa zaidi. Haiponyeshi mtu, lakini inamzuia asifike huko.

Saa nazo ni dawa. Asubuhi, kukishakucha vizuri na mbele ya malori kuanza, ni wakati mzuri. Giza ni adui: nguo nyeusi ku barabara nyeusi haionekani mpaka imechelewa. Shati jeupe linasaidia hata pale hakuna taa.

Kuna pia jambo la usalama, ambalo wakaaji wa Kabambare wanalijua kuliko wote. Kupiga kinga juu ya afya hakudai kwenda mbali wala kufungua njia mpya. Njia inayojulikana, watu wawili ao watatu pamoja, karte ya mchaguzi mfukoni, na mtu wa nyumbani anayejua saa ya kurudi. Pale habari za watu wenye silaha zimesikika, sport inafanywa katikati ya muji ao inangoja.

Kile hawezi kufanya peke yake

Sasa inabaki sehemu ya pili. OMS ilihesabu watu karibu milioni 1.19 waliokufa ku barabara duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao ni wenye kutembea kwa miguu, wa kinga na wa pikipiki. Ni wale wasio na chuma cha kuwafunika. Kumwambia mtu huyo "ujichunge" ni vizuri, lakini haitoshi.

Mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia ya kinga za barabara yalifanyika kwa mara ya kwanza ku bara la Afrika, ku Kigali. Wakongomani wengi hawakuyaangalia kwa moyo mweupe, sababu ya vita vya mashariki, na hilo linaeleweka. Lakini kuna jambo moja la kujifunza. Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyeshinda upande wa wanaume, ni mpanda kinga wa juu sana wa wakati huu. Hata hivyo, mbele ya watu kama yeye kuanza, barabara inafungwa kwanza. Kama bingwa wa dunia hachanganywi na malori, namna gani mwalimu wa Nyangwe ataambiwa ajitegemee?

Barabara yetu haiwezi kufungwa. Ni moja, na ni ya wote. Lakini inaweza kugawanywa kwa adabu. FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, iliundwa kwa sheria mwaka 2008 juu ya kukusanya feza za kazi hiyo. Mkaaji ana haki ya kuuliza feza za upande wake zinafanya nini. Kukata majani ku kona na kufunga nafasi za madaraja ya miti hakungoji mashini kubwa. Ni kazi ya panga na nyundo, ambayo makantonye na wakaaji wanaweza kuifanya katika salongo. Polisi wa rulaje nao, wanaposimamisha pikipiki juu ya kuangalia karatasi, wanaweza kuangalia pia freni na taa. Karatasi haikuwahi kusimamisha moto mbele ya mtoto.

Na vyama vya wamotari vina nguvu ambayo serikali haina: motari anamsikia motari mwenzake. Wakikubaliana kupunguza mwendo mbele ya soko, shule na madaraja, na kumpita mwenye kinga kwa nafasi ya mkono ulionyooshwa, jambo hilo halitadai hata franka moja. Wamotari wengi wana ndugu anayepiga kinga, na wengi wao walianza ku kinga.

Kwa hiyo, anayetaka kuanza juma hili aangalie freni zake leo, atafute kengele, achague njia fupi anayoijua, na atoke asubuhi kukiwa na mwangaza. Na ku mukutano unaokuja wa kijiji ao wa kartie, mtu mmoja asimame aulize: ile kona yenye majani marefu, nani anaikata, na siku gani?