Mguu Ulioshikwa ni Amana



Jioni moja baada ya Swala ya Alasiri nilikuwa Madizini, Turiani, nimekaa barazani kwa dada yangu. Mbele yetu vijana walikuwa wakicheza karate uwanjani. Mpwa wangu wa miaka 13 alirushiwa teke la ubavuni na mwenzake. Akalidaka, akaubana mguu kwapani, kisha akaupiga mtama mguu uliobaki chini. Mwenzake alianguka chali, kisogo kikagonga ardhi iliyokauka kwa jua.

Vijana walishangilia. Aliyeanguka hakuinuka.

"Mjomba, sikukusudia," mpwa wangu aliniambia, mguu wa mwenzake ungali mikononi mwake. Nilimsadiki; lakini kisogo hakijui nia. Tulimkimbiza mtoto yule zahanati, na alhamdulillah alirejea kwa mama yake akiwa mzima. Usiku ule katika nyumba mbili hakuna mzazi aliyelala.

Mbinu yenyewe haina lawama. Mwenye kupiga teke amebaki na mguu mmoja chini, na kigoda cha mguu mmoja hakisimami. Mdakaji stadi hanyooshi mkono kuufuata mguu, kwa maana nguvu kubwa ya teke imo wayoni na kwenye muundi. Husogea ndani, karibu na paja ambako nguvu hiyo ni ndogo, akaubana mguu kwapani huku mkono wa pili ukilinda uso. Kisha humsukuma mwenzake kwa kifua na kuukata mguu wake uliosimama. Anayeshusha mikono yote miwili kulifuata teke huacha kichwa wazi, na mpinzani mjanja humhadaa kwa teke la uongo.

Michezo haikubaliani juu ya jambo hili. Sanda ya China na ndondi za Thailand huruhusu kudaka teke na kuangusha. Taekwondo humwadhibu anayemshika mwenziwe. Judo ilianza mwaka 2010 kuzuia mashambulizi ya kushika miguu. Basi mzazi asidhani kwamba kila mwalimu wa mapigano hufundisha jambo moja.

Mieleka si ngeni katika mapokeo yetu. Imesimuliwa katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mieleka na Rukana akamwangusha, ingawa wanazuoni wameijadili sanad yake. Ametukataza kupiga uso. Na hapa ndipo ninapoiona hekima ya mbinu hii, kwani humwezesha mtu kummudu mwenziwe bila kuugusa uso wake. Lakini katika Hadithi ya Abu Hurayra waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametufunza pia kwamba shujaa hapimwi kwa kuwabwaga watu, bali kwa kuimiliki nafsi yake inapoghadhibika.

Nadhani maana ya mafunzo hayo hudhihirika pale mguu wa mwenzio unapokuwa mkononi mwako. Wakati huo hana pa kukimbilia. Shingo yake, kisogo chake na usingizi wa mama yake vyote umevishika wewe. Hiyo ni amana.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla hujamkabidhi mwanao kwa mwalimu, muulize: je, mtoto hufundishwa kuanguka kabla ya kuangusha? Katika judo mwanafunzi huanza kwa kuanguka: kidevu kifuani, mgongo umejikunja, mkono ukipiga chini ubavuni badala ya kutangulizwa nyuma kuuzuia mwili. Uliza pia kama pana mkeka, na kama mwangushaji hufundishwa kumshikilia mwenzake hadi atue. Asiyekuwa na majibu hayo, mtoto wako asubiri.

Mpwa wangu alikwenda asubuhi yake kuomba radhi, akiwa na baba yake. Wiki iliyofuata niliwakuta wawili hao uwanjani juu ya majani makavu waliyoyatandaza wenyewe. Teke likaja, akalidaka, kisha akasimama kidogo. Akamshika mwenzake ukosi wa shati, akamlaza chini taratibu kama mtu anayetua mtungi wenye maji.

Safari hii hakuna aliyeshangilia. Mimi moyoni nilishangilia.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na awape nguvu yenye huruma. Amin.